Mguu Usiosikia Moto

Nta ya moto ilinidondokea mguuni nami sikujua. Aliyeona ni binti yangu Zuhura. Tulikuwa uani kwetu, Magomeni hapa Bagamoyo, masika yakielekea ukingoni, siku zile ambazo jua likitoka sisi watu wa batiki tunalikimbilia kwa sababu hatujui litakaa mpaka lini. Nilikuwa nimesimama mezani, nachovya muhuri wa mti kwenye sufuria ya nta, nagonga kwenye kitambaa, nachovya tena, nagonga tena. Zuhura alikuwa anakoroga rangi kwenye ndoo. Akainua macho akaniambia, "Mama, mguu."

Nikatazama chini. Juu ya mguu wa kulia, kutoka kidole kidogo kupanda juu, nta ilikuwa imeshaganda, nyeupe kama tui lililolala.

"Imedondoka saa ngapi?" akauliza.

"Sijui."

"Hujaungua?"

"Sijasikia kitu."

Tukacheka. Nikamwambia miaka yote hii mbele ya jiko imenifanya ngozi sugu, na mwenyewe niliamini hivyo. Nikaipenyeza kucha chini ya ile nta, nikaibandua. Ikatoka nzima, na ngozi ikatoka nayo.

Naandika haya kwa ajili ya watu wa kazi za nyumbani: wanaochoma nta kama mimi, wanaopika sabuni, maseremala wenye karakana nyuma ya nyumba, vijana wa kuchomelea vyuma chini ya bati. Sisi hatuna msimamizi wala sanduku la huduma ya kwanza. Mtu akijikata ananyonya kidole na kuendelea. Akiungua anapepea mkono, anasema si kitu. Mara nyingi kweli inakuwa si kitu. Mimi si daktari na mambo ya kidaktari sitayaeleza, maana sitayaeleza sawasawa. Nitasema yaliyonipata.

Kwetu uani kila jeraha lilikuwa na dawa yake. Ukiungua, unapaka dawa ya meno, kwa vile inaleta ubaridi. Ukikosa dawa ya meno, ute wa yai. Lengelenge likipasuka, unabandika manyoya ya sungura, na jirani yetu mmoja alikuwa anafuga sungura, kwa hiyo hatukuwahi kukosa. Kidonda kikitoa maji, unafungua kidonge cha rangi mbili, unamwagia ule unga wake juu. Haya nilifundishwa na aliyenifundisha batiki, nami nikawafundisha wanawake wengine, na vidonda vyetu vilipona. Kwa hiyo mguu wangu niliufanyia yote, moja baada ya jingine. Kidonda kikafunga gamba juu. Nikahesabu kimepona, nikakiacha.

Mwili wangu ulikuwa unasema mambo mengine, lakini nao niliujibu kwa majibu ya haraka. Kiu ilikuwa haikatiki. Nilikuwa natembea na chupa ya maji hata nikienda sokoni. Haja ndogo ilinisumbua, nikasema ni kwa sababu ya maji ninayokunywa. Nguo zilianza kunipwaya, na wanawake wenzangu wakanisifu kwamba nimepungua, nimerudi usichana. Nikafurahi. Vidole vya miguu vilikuwa na ganzi tangu mwaka uliotangulia, nikasema ni uzee, na uzee haupelekwi hospitali.

Baada ya Idi ya Kuchinja tulikwenda Lugoba kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yetu. Nilivaa viatu vya kufunika, vilivyonibana kidogo, na nikacheza kama mtu mwenye miguu mizima. Tuliporudi nyumbani nilivua kiatu cha kulia, nikakuta ndani kumelowa. Nikadhani ni jasho. Nikauloweka mguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, ya moto kiasi kwamba Zuhura alipotia mkono aliutoa upesi. Mimi nikauacha mguu humo mpaka maji yakapoa.

Siku zilizofuata nyumba ikaanza kunuka. Nilimwambia Zuhura panya amekufa mahali. Tukavuta kabati, tukatoa magodoro nje, tukafagia mpaka nyuma ya mapipa ya rangi. Hatukuona panya. Nikaenda kukaa barazani kupumzika, na panya akanifuata barazani. Hapo nikaacha kutafuta. Nikajifunika kanga miguuni, nikakaa vile muda mrefu, kwa maana nilikuwa nimeshaelewa na sikutaka kuinama kutazama.

Zuhura ndiye aliyeinama. Lile gamba lilikuwa limekaa juu kama kifuniko, na chini yake kulikuwa kumeoza. Kidole kidogo kilikuwa cheusi. Mwanangu aliinuka. Aliingia ndani akatoka na baibui langu.

Hospitali tulifika asubuhi na benchi limeshajaa. Nilikuwa nimeufunga mguu kwa mfuko wa plastiki, juu yake kanga, na bado harufu ilitoka. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alijisogeza kidogo, kisha kidogo tena, kisha akaona kuna nafasi benchi jingine. Simlaumu, hata mimi ningekuwa na pa kuhamia ningehama. Kijana mmoja akavuta fulana yake mpaka puani. Nilitazama chini tu. Nimeishi mji huu maisha yangu yote, najulikana kwa usafi na kwa udi, na siku ile nilitamani nisitambuliwe na mtu.

Bibi mmoja mtu mzima kabisa, aliyekuja kutazamwa macho, alinyanyuka upande wa pili, akaja kukaa kwenye ile nafasi iliyoachwa. Alinigusa na bega lake. Akafungua pindo la kanga, akatoa ndimu, akaikwaruza ganda kwa ukucha na kunipa.

"Nusa, mwanangu."

"Ahsante bibi. Wanakereka, najua."

"Sikukupa kwa ajili yao," akasema. "Ya kwako hiyo."

Nilikaa na ile ndimu puani mpaka nikaitwa.

Daktari alikuwa msichana, sidhani kama alimzidi Zuhura sana. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akafungua ule mfuko kwa mikono yake na uso wake haukubadilika. Aliniuliza nilichopaka. Nikamtajia vyote, sungura naye nikamtaja. Hakunicheka wala hakunigombeza. Akachukua kitu kama uzi mgumu wa plastiki.

"Mama, fumba macho. Kila nikikugusa unyayo, niambie ndiyo."

Nikafumba. Nikasubiri. Nilisikia feni inazunguka na mtoto analia chumba cha pili. Nikasubiri tena, mwishowe nikamwambia, "Anza basi, mwanangu."

"Nimeshamaliza, mama."

Nilifumbua macho nikamwona Zuhura ameziba mdomo kwa kiganja. Ndipo hofu ilipoingia mwilini mwangu, na sitaficha, mpaka leo haijatoka yote.

Wakanitoboa kidole cha mkono, wakatia tone la damu kwenye mashine ndogo. Mashine haikutoa namba, ilitoa herufi mbili tu. Daktari akasema maana yake imepita kiwango inachoweza kupima.

"Mama una kisukari. Nadhani unacho muda mrefu."

"Mimi chai yangu naweka kijiko kimoja tu," nikasema.

"Si hiyo ya kwenye kikombe. Hii iko kwenye damu. Ndiyo imeua hisia miguuni, ndiyo inayokataza kidonda kupona. Nta ilikuunguza kama inavyomuunguza mtu yeyote. Tofauti ni kwamba wewe hukupata taarifa."

Walinilaza, wakaanza kunichoma sindano za kushusha sukari, wakakisafisha kidonda. Mwisho wa juma daktari akaja na mkubwa wake, wakazungumza pembeni, kisha akaketi kwenye kitanda changu. Kabla hajafungua mdomo nilijua, kwa jinsi alivyoketi. Akasema inabidi niende Dar es Salaam kwa madaktari wa upasuaji, na wasipowahi, ugonjwa utapanda mfupani. Aliniruhusu niende nyumbani kwanza nikaonane na watu wangu, mradi nisivushe siku aliyonipangia.

Mume wangu, Baba Zuhura, ni mpishi kwenye kambi ya askari wa hifadhi kule Saadani. Alikuwa anakuja nyumbani kila baada ya wiki kadhaa. Zuhura alimpigia simu, akaja siku ileile, na njiani akampitia dada yake mkubwa, Bi Mwajuma, wa Mkange. Wifi yangu huyu ni mkulima wa ufuta, mwanamke wa maneno machache yenye uzito, na tangu nimeolewa sikuwahi kuwa na hakika kama ananipenda. Aliingia chumbani, akafunua shuka, akautazama mguu, akafunika.

Tukakaa kikao, mimi kitandani, wao mkekani.

"Mguu hauozi kwa tone la nta," akasema wifi. "Mguu huu umekanyaga kitu. Wapo watu wanaiona hii batiki yake inavyouzika. Nipeni siku saba nikae naye Mkange, aaguliwe. Ikishindikana, mpelekeni huko kwenye visu."

"Shangazi, siku saba zikiisha watakata gotini," akasema Zuhura.

"Usimjibu shangazi yako hivyo," akasema baba yake.

"Mimi simjibu. Nawaambia alichosema daktari."

"Daktari mwenyewe mtoto."

Zuhura akatoka. Nilimsikia uani anapanga na kupangua ndoo, na kilio chake nikakisikia. Baadaye aliniambia kilichokuwa kinamla moyo ni kwamba siku ile ya nta alicheka. Nami nilicheka, nilimwambia. Tulicheka wote.

Nataka niseme ukweli kuhusu kikao kile, kwa sababu mwenzangu unayesoma labda chako kinakuja. Sikuwa upande wowote. Kisu nilikiogopa, na Mkange nilikuogopa pia. Nilikuwa naogopa kuchagua, maana atakayechagua ndiye atakayelaumiwa, na mwenye mguu ni mimi. Nikamgeukia mume wangu, aliyekuwa anachora mkeka kwa kidole.

"Baba Zuhura, wewe wasemaje?"

Aliendelea kuchora. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi mpishi. Nyama ikianza kuharibika pembeni, huisubirishi."

Nilihisi nimepigwa kofi. Tumelea watoto pamoja, tumezika pamoja, halafu mbele ya dada yake ananiita nyama. Niligeukia ukutani. Nilijua amesema kweli, na nilijua kwamba hana lugha nyingine ya kusemea jambo kubwa ila ya jikoni, lakini neno lile lilikaa baina yetu kwa muda, na safari ya Dar tulikwenda hatuzungumzi.

Wifi naye aliinuka, akafunga kanga yake kiunoni. "Basi twendeni Dar," akasema. "Mimi siachwi nyuma." Alikuwa ameniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, akalitia kwenye chupa na kuja nalo. Wodini alimuuliza daktari kwanza kama naruhusiwa kunywa. Daktari akauliza kama lina sukari. Wifi akasema lina maneno ya Mungu tu na zafarani. Nikaruhusiwa.

Nilidhani Dar nitafika, nitakatwa, nitarudi. Sikujua kwamba kazi kubwa ni kungoja. Waliniandika kwa upasuaji, nikakaa na njaa tangu alfajiri, nikavalishwa gauni, na mchana nesi akaja akasema, "Leo haiwezekani mama, sukari bado iko juu." Siku nyingine hivyohivyo. Nilikuwa nasali ichelewe na nasali iwahi, dua mbili zinapigana kifuani. Kila walipokuja na ile mashine ndogo nilimtazama nesi usoni badala ya kutazama namba. Nilijifunza sura zao. Kuna aliyekuwa anauma mdomo, huyo nilimwogopa.

Kitanda cha jirani alikuwepo mama aliyekatwa juu ya goti. Alikuwa mcheshi, na ucheshi wake ulinitia hofu kuliko kama angelia. Aliniambia kilichoanza kwake ni jiwe kwenye kiatu. Alilitembelea siku nzima bila kulisikia.

Wifi alilala nje, kwenye ukumbi wanakolala ndugu wa wagonjwa wa mbali. Tuna jamaa zetu Bunju, walimwita akalale kwao, akakataa. Akasema Bunju ni mbali na kengele ya saa ya kuona wagonjwa haitamsubiri. Aliingia asubuhi, mchana na jioni, akaniogesha, akanisuka nywele, akanipaka mafuta mguu ule mzima kwa upole ambao sikujua anao. Hatukuongea sana. Mara moja nilimwambia, "Wifi, ungependa tungekwenda Mkange." Akajibu, "Ningependa upone. Njia nilikuwa nabahatisha tu."

Siku ilipofika kweli, daktari wa upasuaji alinieleza kwamba ataanza na kidole kidogo na kinachokifuata, kisha atatazama. Nikamuuliza, "Na ukitazama ukaona vibaya?" Akasema nitakuwa macho, kwani ganzi itachomwa mgongoni, na hatafanya jambo kubwa bila kuniambia.

Waliweka pazia la kitambaa kifuani mwangu nisione. Nikaanza kusoma sura nilizozijua, kimoyomoyo. Walikuwa wanaongea mambo yao, mmoja anamuuliza mwenzake habari za mtoto. Kisha nikasikia kitu kimedondoka kwenye bakuli la bati. Kisomo kikakatika. Nikangoja. Kikadondoka cha pili. Sasa nikawa nangoja cha tatu. Nilikaza macho kwenye taa, nikalitegea masikio lile bakuli kwa nguvu zangu zote. Cha tatu hakikuja. Alikuja daktari, akainama juu ya pazia na barakoa yake, akasema, "Hapa pana damu nzuri, mama. Tunafunga."

Nililia kwa sauti, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Wifi aliviomba vile vidole. Aliuliza kwa adabu, wakampa, akavifunga kwenye kitambaa cheupe na kumkabidhi mdogo wake. Baba Zuhura akarudi navyo Bagamoyo peke yake. Aliporudi kuniona nikamuuliza amevizika wapi.

"Kwa mama," akasema.

Mama yake ndiye aliyenipokea nilipoletwa bi harusi, na nilimuuguza mpaka alipofariki. Mume wangu alikuwa amekwenda makaburini, akachimba pembeni yake, akaviweka pale. Nilimshika mkono. Lile neno la nyama likaondoka, au tuseme nililiacha liende.

Kipupwe kilinikuta nimerudi nyumbani, natembelea fimbo. Usidhani vidole viwili ni vitu vidogo. Mwili mzima unaviegemea bila wewe kujua. Nilikuwa nayumba nikigeuka, na nilianguka mara moja msalani. Nilijifunza kujichoma insulini tumboni. Hatuna friji, kwa hiyo chupa zake tunaziweka kwenye chungu ndani ya chungu kingine chenye mchanga uliolowa maji, kama sista alivyotuelekeza. Sista huyo anaitwa Neema, ndiye wa chumba cha vidonda, na kwa miezi mingi nilimwona kuliko nilivyowaona ndugu zangu. Foleni ya chumba kile ina watu wake. Tunajuana kwa vidonda: huyu wa pikipiki, yule wa mafuta ya maandazi, mimi wa nta.

Sista Neema ndiye aliyenisahihisha mambo ya uani, huku mikono yake ikifanya kazi. Ukiungua, alisema, peleka kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka, na ukae hapo dakika ishirini, hata kazi ikuite. Si barafu. Nta ikiganda kwenye ngozi, ipoze kwa maji, na ikishikilia usiibandue kwa nguvu, njoo nayo. Ukijikata, osha kwa maji na sabuni, bana kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, funika, na ukumbuke sindano ya pepopunda, hasa chuma kikiwa cha kutu. Dawa ya meno ni ya meno. Manyoya ya sungura ni ya sungura. Na kidonda kisichouma kinapotakiwa kuuma, au kisichopona wenzake wakipona, hicho usikisubiri.

Nilimuuliza, "Na mtu atajuaje kama ana sukari?"

"Atapima," akasema. "Hakuna njia nyingine, mama. Tone moja."

Nikawapeleka wote wa nyumbani. Zuhura salama. Baba Zuhura salama kwa sasa, ila ameambiwa aangalie. Wifi alikataa katakata, na nikamwacha, kisha akaenda mwenyewe bila kuniambia na kurudi akasema tu, "Sina."

Mvua za vuli zilipoanza, kidonda kilikuwa kimebaki kama jicho la ng'ombe, kisha kama kokwa ya ukwaju. Siku moja sista alipokuwa anasafisha ukingo wake nilishtuka nikavuta mguu.

"Nini?" akauliza.

"Pameuma."

Akaacha kibano mezani. "Wapi? Nionyeshe." Nikamwonyesha, akagusa tena, nikavuta tena, akacheka mpaka mwenzake akachungulia mlangoni. Si mguu wote uliorudi, na aliniambia nisitumaini hivyo. Ni sehemu ndogo tu, upande wa ndani. Lakini nilitoka pale naumwa na kwenda nyumbani naumwa, na kila nilipokanyaga nilisema alhamdulillahi.

Hofu haikuisha kidonda kilipofunga. Hili hawakuniambia, nami nakuambia. Asubuhi naupekua kila kiatu kwa mkono kabla sijakivaa. Zuhura ananitazama nyayo kila siku, na baba yake akija kutoka Saadani, hata hajala, ananiambia, "Leta miguu," nami namwekea mapajani. Kwenye nta sisimami tena. Anasimama Zuhura, amevaa mabuti ya mpira, na ndoo ya maji safi imewekwa kando ya jiko, haichotwi kwa kazi nyingine. Mimi nachanganya rangi nikiwa nimekaa. Jiko likitoa cheche nashtuka. Wakati mwingine naota lile bakuli la bati.

Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani. Tangu utoto sijaacha kufunga ila kwa uzazi na udhuru wa kike. Nilikwenda kwa yule daktari msichana nikiwa na maneno yangu tayari: kwamba najisikia vizuri, kwamba nitakula daku vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mwaka huu hapana. Sukari yangu inapanda na kushuka, na ikishuka na njaa nitaanguka. Shehe wa msikiti wetu naye akasema hivyohivyo, kwamba mgonjwa ameruhusiwa, na anayejidhuru hajamfurahisha Mungu. Nilielewa kwa akili. Lakini mchana ulipofika, mji umetulia na midomo ya watu imekauka, mimi kuketi na sahani niliona ni aibu kubwa kuliko ile ya benchini. Siku ya kwanza nilikunywa chai tu, nikasema nimeshiba. Mchana ule nikaanza kutetemeka na jasho la baridi, Zuhura akanipa sukari mdomoni, na jioni akampigia shangazi yake.

Wifi alikuja kufungia kwetu. Kesho yake adhuhuri aliingia chumbani kwangu na bakuli la uji na kipande cha samaki, akafunga mlango, akaniwekea kwenye kigoda. Midomo yake ilikuwa mikavu. Alikuwa amefunga, na alikuwa amesimama jikoni juu ya chakula kile.

"Kula," akasema.

"Siwezi kula mbele ya mtu aliyefunga, wifi."

"Basi sitakutazama."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanipa mgongo, akatoa tasbihi yake na kuanza kuvuta uradi, uso wake ukutani. Nikachukua kijiko. Nilikula taratibu, kwa haya, nikijaribu kisigonge. Mahali fulani katikati nikaona inatosha, nikakiweka chini.

Hakugeuka. Punje za tasbihi zilisimama kidogo.

"Bado," akasema. "Nasikia bakuli. Halijaisha."

Nikakishika kijiko tena.